Al-Layth bin Sa'd: Imamu wa Misri Aliyekosoa na Kukosolewa Bila ya Kuvunja Udugu

Bismillahir Rahmanir Rahim. Kila sifa njema anastahiki Allah, Mola wa walimwengu wote. Rehma na amani zimshukie Mtume wetu Muhammad, jamaa zake na Maswahaba zake wote.



Miongoni mwa masuala yanayotufikia kila mara kutoka kwa familia zetu za Unguja na Pemba ni hili: mtu anamuona ndugu yake, mwalimu wake au mzee wake amekosea, je, afanye nini? Wengi wetu tumezoea njia mbili tu. Ya kwanza ni kunyamaza, tukaita huko kunyamaza ni heshima, na huku moyo unachemka na pembeni tunamsengenya. Ya pili ni kusema, lakini kusema kwa ukali na mbele za watu, mpaka mwenzetu akaona afadhali abaki na kosa lake kuliko kukubali haki kutoka kinywani mwetu. Njia zote mbili mwisho wake ni mmoja: kosa linabaki pale pale na udugu unaharibika.

Mtume wetu (Swalla Allahu alayhi wa sallam) hakutuacha baina ya njia hizo mbili. Katika hadithi ya Tamim ad-Dari (Radhiya Allahu anhu), aliyoipokea Imamu Muslim, ameifanya nasaha kuwa ndiyo dini, na akabainisha kuwa viongozi wa Waislamu na Waislamu wa kawaida wote wana haki ya kupewa nasaha. Kitu ambacho ni haki ya mwenzako huna ruhusa ya kumnyima, wala huna ruhusa ya kumpa huku ukimdhalilisha.

Leo tunasimulia maisha ya mwanachuoni mmoja mkubwa aliyeitekeleza haki hiyo kwa uzuri wa hali ya juu. Sisi watu wa visiwani tunafuata madhehebu ya Imamu Shafi'i, na Imamu Shafi'i mwenyewe alimpa mtu huyu daraja kubwa mno. Naye ni Imamu Al-Layth bin Sa'd (Rahimahullah).

Kuzaliwa kwake na kutafuta elimu

Al-Layth bin Sa'd bin Abdir-Rahman alizaliwa katika mwezi wa Shaaban mwaka 94 Hijria, sawa na mwaka 713 Miladia, katika kijiji cha Qalqashanda, upande wa kaskazini ya Misri. Wazee wake walikuwa na asili ya Isfahan katika nchi ya Uajemi, na waliungana na kabila la Kiarabu la Fahm kwa uhusiano wa uwala. Kwa hiyo hakuwa na nasaba kubwa ya kujivunia. Kilichomnyanyua ni elimu na ucha Mungu.

Alianza kusoma kwa wanachuoni wa Misri, na mkubwa wao alikuwa Yazid bin Abi Habib. Mwaka 113 Hijria, akiwa kijana wa miaka kiasi cha ishirini, alikwenda Hijja, na safari yake ikawa ya ibada na elimu kwa pamoja. Huko Hijazi alisikia hadithi kutoka kwa Nafi' aliyekuwa mtumishi wa Ibn Umar, kutoka kwa Ibn Shihab az-Zuhri, na kutoka kwa Ata bin Abi Rabah. Hawa ni katika wakubwa wa Taabi'ina. Aliporudi Misri, haukupita muda ila alikuwa ndiye mufti ambaye watu wa nchi nzima wanamrejea, na maamiri na makadhi hawakatai shauri lake. Khalifa Abu Ja'far al-Mansur alitaka kumpa utawala wa Misri, naye akaukataa.

Nasaha aliyopewa yeye mwenyewe

Kabla hatujaona namna alivyowanasihi wengine, tuone namna alivyonasihiwa yeye. Hili ndilo tunalolisahau. Kila mmoja wetu anajiona ni wa kutoa nasaha, na ni wachache wanaojiona kuwa ni wa kupewa.

Siku moja mwanachuoni wa Madina, Yahya bin Sa'id al-Ansari, ambaye ni katika masheikh wake, alimuona Al-Layth amefanya jambo fulani. Halikuwa haramu wala makuruhu. Lilikuwa ni jambo la halali kabisa. Hata hivyo sheikh wake akamwambia asilifanye, kwa sababu yeye ni imamu na watu wanamtazama.

Tuzingatie mambo mawili hapa. La kwanza ni kwamba Yahya alimkataza kwa njia ya kumtukuza. Alimjulisha kuwa cheo chake kimeshapanda kuliko kitendo kile. La pili ni kwamba kisa hiki kimetufikia kwa sababu Al-Layth mwenyewe ndiye aliyekisimulia. Angetaka angekificha, na angeweza pia kubishana kuwa jambo lenyewe ni halali. Badala yake aliisimulia nasaha ile kama mtu anayesimulia zawadi aliyopewa na mwalimu wake.

Utajiri wake na mkono wake

Allah alimjaalia mali nyingi. Wanahistoria wamepokea kuwa pato lake kwa mwaka lilikuwa dinari elfu ishirini na zaidi, na wengine wamelifikisha elfu themanini. Pamoja na hayo, imepokewa kuwa zaka haikuwahi kumuwajibikia, kwa sababu mali haikuwa ikikaa mikononi mwake mwaka mzima. Yote ilikuwa inakwenda kwa wenye haja. Bibi mmoja alikuja kuomba asali kidogo, naye akaamuru apewe kiriba kizima. Mwanachuoni mwenzake wa Misri, Ibn Lahi'a, alipounguliwa na vitabu vyake, Al-Layth alimpelekea dinari elfu moja.

Katika watu aliokuwa akiwakumbuka ni Imamu Malik bin Anas wa Madina. Wawili hawa walikuwa marika, kwani Malik alizaliwa mwaka 93 Hijria. Al-Layth alikuwa akimpelekea dinari mia moja kila mwaka. Mara moja Malik alimuandikia kuwa ana deni, akampelekea dinari mia tano. Imepokewa pia kuwa Malik alimpelekea sinia ya tende, na Al-Layth akalirejesha sinia lile likiwa na dinari elfu moja.

Tunaomba msomaji aliweke jambo hili akilini, kwa sababu lina kazi kubwa katika kisa kinachofuata.

Barua kutoka Madina

Imamu Malik alikuwa akiona kuwa amali ya watu wa Madina ni hoja katika dini. Madina ndio mji wa Hijra, ndiko Qur'ani ilikoteremka kwa wingi wa hukumu zake, na watu wake walirithi matendo ya Mtume (Swalla Allahu alayhi wa sallam) mzazi kwa mtoto. Zikamfikia habari kuwa rafiki yake wa Misri anatoa fatwa zinazokhalifu amali hiyo. Malik akachukua kalamu akamuandikia.

Hakuandika kwa amiri wa Misri, wala hakuwaambia wanafunzi wake wawatahadharishe watu na Al-Layth. Alimuandikia yeye mwenyewe. Ndani ya barua alimkumbusha uaminifu wake, fadhila zake, cheo chake mbele ya watu wa mji wake, na namna wanavyomtegemea kwa yale yanayowajia kutoka kwake. Kisha akasema analolitaka wazi: kwamba mtu wa cheo hicho anapaswa kuichelea nafsi yake, na kwamba watu wote ni wafuasi wa Madina. Akatoa dalili yake kutoka katika Qur'ani, akaeleza sababu zake, na mwisho akaeleza matumaini yake kuwa hakikumsukuma kuandika ila nasaha kwa ajili ya Allah na kumtakia mwenziwe kheri.

Sasa tukumbuke zile dinari mia moja za kila mwaka. Mtu mwengine angesema moyoni kuwa huyu ananisaidia, nikimkosoa atanikatia. Malik hakunyamaza kwa ajili ya msaada. Aliona kuwa fadhila za mwenziwe zinamuongezea wajibu wa kumwambia kweli.

Jawabu kutoka Misri

Al-Layth aliipokea barua ile na akaijibu. Jawabu lake limehifadhiwa na wanachuoni. Amelipokea Yahya bin Ma'in, na Ibn al-Qayyim amelinukuu kwa urefu katika kitabu chake I'lamul Muwaqqi'in. Nasi tutaeleza kwa maneno yetu namna lilivyopangwa, kwa sababu katika mpango wake mna darasa tosha.

Alianza kwa salamu na kwa kumshukuru Allah kwa habari za afya ya Malik. Akamshukuru pia kwa kazi ya kuyapitia na kuyasahihisha maandishi aliyompelekea. Kisha akayarudia yale yote ambayo Malik alimwambia, bila ya kupunguza wala kupotoa, ili Malik ajue kuwa amesikilizwa. Baada ya hapo akakubali: kwamba Malik amepatia katika kumnasihi, kwamba yeye anatumai nasaha ile imeingia mahali inapopendwa, na kwamba hakuna mwenye kunasibishwa na elimu anayezichukia fatwa za kipekee au anayewatukuza wanachuoni wa Madina waliopita kuliko yeye.

Baada ya hapo ndipo alipokhitalifiana naye, naye hakuficha kitu. Alieleza kuwa Maswahaba wengi walitoka Madina wakaenda na majeshi katika miji, wakawafundisha watu Kitabu na Sunna, na makhalifa Abu Bakr, Umar na Uthman walikuwa wakiwaandikia na kuwaongoza. Kwa hiyo jambo ambalo Maswahaba wa Misri, Sham na Iraq walilifanya mpaka wakafariki haiwezekani kulifuta kwa amali ya mji mmoja. Akaongeza kuwa Maswahaba wenyewe walikhitalifiana, na waliokuja baada yao vile vile, mpaka kwa masheikh wa Madina waliowasomesha yeye na Malik.

Hakuishia kwenye maneno ya jumla. Alitaja masuala mamoja mamoja. Alitaja kukusanya Magharibi na Isha usiku wa mvua, akaeleza kuwa mvua ya Sham ni nyingi sana kuliko ya Madina, na huko walikuwepo Abu Ubayda, Khalid bin al-Walid na Mu'adh bin Jabal, na hakuna imamu hata mmoja katika wao aliyekusanya kwa sababu hiyo. Alitaja mahari yaliyoakhirishwa: Madina walikuwa wakihukumu kuwa mke akiyadai wakati wowote apewe, naye akajibu kuwa hakuna Swahaba aliyehukumu hivyo ila baada ya wanandoa kutenganishwa na mauti au talaka. Akaendelea hivyo mas-ala baada ya mas-ala, kila moja na dalili yake.

Msomaji asituelewe vibaya. Katika kukusanya Sala kwa ajili ya mvua, madhehebu yetu ya Shafi'i yanaruhusu kwa masharti yake, na hatukusudii hapa kupima nani alipatia. Tunalolitazama ni adabu ya mazungumzo yenyewe.

Alipomtaja Rabi'a bin Abi Abdir-Rahman, ambaye alikuwa mwalimu wa Malik na ameshafariki, alieleza wazi kuwa katika baadhi ya rai zake mlikuwa na mambo wasiyoyakubali, na kwamba Malik mwenyewe aliyachukia. Hapo hapo akataja akili ya Rabi'a, ufasaha wake, fadhila zake na mapenzi yake ya kweli kwa ndugu zake, akamuombea rehma na maghfira. Mtu amekosolewa hali ya kuwa yumo kaburini, na bado heshima yake imebaki kamili.

Namna alivyoifunga barua yake ndiyo inayotuliza moyo. Alimuombea Malik tawfiki na umri mrefu kwa manufaa ya watu, akaeleza hofu yake ya hasara itakayowafika pindi mtu mfano wake akiondoka, na akasema kuwa anaona raha kwa kuwepo kwake ijapokuwa miji yao iko mbali. Akamsihi asiache kumuandikia habari zake na za watoto na ahli zake, na kama ana haja yoyote, yake au ya mtu wake, amjulishe, kwani atafurahi kumtimizia.

Haya ndiyo maneno ya mtu ambaye ameshaandika kurasa nzima za kupinga. Wala hakugusia hata kwa ishara kuwa yeye ndiye anayemsaidia Malik kwa mali. Mkono unaotoa haukuwa fimbo ya kushinda hoja.

Hakuna aliyeshindwa. Madhehebu ya Malik yameendelea kuifanya amali ya Madina kuwa hoja hadi leo. Na mwanafunzi wa wote wawili, Abdullah bin Wahb, ameeleza kuwa kila pale Malik aliposema katika vitabu vyake kuwa amepokea kutoka kwa mwanachuoni anayemridhia bila ya kumtaja jina, basi mtu huyo ni Al-Layth.

Kadhi na wakfu

Baadhi ya watu wanafahamu kuwa upole ni kulegea. Kisa cha pili kinaondosha dhana hiyo.

Mwaka 164 Hijria, katika ukhalifa wa al-Mahdi, aliletwa Misri kadhi kutoka Kufa, Isma'il bin al-Yasa'. Alikuwa mtu mwadilifu, lakini alifuata rai ya Imamu Abu Hanifa kuwa wakfu haulazimu, akawa anabatilisha wakfu za Waislamu. Hii ilikuwa ni ijtihadi ya imamu mkubwa, na wanafunzi wake wawili, Abu Yusuf na Muhammad bin al-Hasan, hawakuifuata. Hata hivyo kwa watu wa Misri jambo lilikuwa zito. Sisi ambao misikiti yetu mingi imesimama kwa nyumba na mashamba ya minazi na mikarafuu yaliyowekwa wakfu na wazee wetu, tunafahamu maana ya wakfu kubatilishwa.

Al-Layth alikwenda mwenyewe mpaka kwenye baraza la kadhi, akakaa mbele yake kama anavyokaa mwenye kesi. Akamueleza kuwa amekuja kushitakiana naye juu ya wakfu za Waislamu, kwani Mtume (Swalla Allahu alayhi wa sallam) aliweka wakfu, na wakaweka Abu Bakr, Umar, Uthman, Ali, Talha na Zubayr. Kadhi hakubadilika. Hapo ndipo Al-Layth alipomuandikia Khalifa.

Katika barua hiyo alieleza kuwa kadhi huyu anaiharibu Sunna ya Mtume iliyokuwa baina yao, lakini katika dinari na dirhamu hawamjui ila kwa kheri. Khalifa akamuuzulu. Ilikuwa rahisi kuongeza tuhuma ya rushwa ili jambo lipite haraka. Al-Layth hakufanya hivyo. Alimshitaki kadhi kwa kosa lake na akamtolea ushahidi kwa wema wake, yote katika barua moja.

Hapa ndipo tunapojifunza mpangilio. Khitilafu ya kielimu baina ya watu wawili inabaki kwa wenyewe, na kila mmoja anaachiwa rai yake. Dhara inayogusa haki za watu haifichwi, lakini safari yake inaanzia kwa mhusika, kisha ndiyo ipelekwe kwa mwenye mamlaka ya kuiondoa.

Kurekebisha mji mzima

Imepokewa pia kuwa watu wa Misri walikuwa wakimvunjia heshima Sayyidna Uthman bin Affan (Radhiya Allahu anhu), mpaka Al-Layth alipoinukia kwao. Akawa anawasomea hadithi za fadhila za Uthman, wakaacha. Aliwajaza kheri mpaka shari ikakosa pa kukaa.

Kufariki kwake

Imamu Al-Layth alifariki usiku wa Ijumaa, nusu ya Shaaban mwaka 175 Hijria, sawa na mwaka 791 Miladia, miaka minne kabla ya Imamu Malik. Aliyehudhuria jeneza lake alisimulia kuwa watu wote walikuwa wakipeana pole wao kwa wao na wakilia, kama kwamba kila mmoja ndiye mfiwa. Alizikwa katika makaburi ya Qarafa, Cairo, ambako baadaye alizikwa pia Imamu Shafi'i.

Imamu Shafi'i alifika Misri zaidi ya miaka ishirini baadaye, na alisikitika sana kwa kutokumuwahi. Alikuwa akimuona Al-Layth kuwa ni faqihi zaidi kuliko Malik, isipokuwa wanafunzi wake hawakuisimamia elimu yake. Na Malik ni mwalimu wa Shafi'i mwenyewe! Alisema kweli juu ya mwalimu wake bila ya kumpunguzia heshima, na kwa hivyo adabu ile ikaendelea.

Tuchukue nini majumbani mwetu

Tunaposomesha kisa hiki, madrasa na chuoni, huwaambia vijana wakipime kwa simu zao. Leo mtu akisikia kuwa sheikh fulani amekhalifu katika kuandama kwa mwezi au katika maulidi, anarikodi sauti na kuirusha kwa mamia ya watu kabla ya kumuuliza mwenyewe. Na ndani ya majumba, mume anamkosoa mke mbele ya mawifi, mzazi anamkaripia mtoto mkubwa mbele ya wajukuu, na mzazi wa mwanafunzi anamsema mwalimu wa madrasa barazani. Wazee wetu walisema heri kujikwaa dole kuliko kujikwaa ulimi.

Kabla ya kusema, tujiulize kama aliyoyafanya Al-Layth tumeyafanya. Tumemwendea mwenyewe? Tumeyafahamu maneno yake kiasi cha kuweza kuyarudia mbele yake naye akakiri kuwa ndiyo aliyoyakusudia? Tumeutaja wema wake kwa ukweli? Tumetaja jambo mahsusi pamoja na dalili, au tumemwambia tu kuwa siku zote yeye ni mkosefu? Na tukimaliza, mlango wa kuulizana hali na kusaidiana uko wazi?

Swali la mwisho ndilo gumu zaidi. Ikiwa ndugu yetu hatoikubali nasaha yetu, je, tutaendelea kumpelekea sinia ya tende? Kama jibu ni hapana, basi tulikuwa tunataka kumshinda, hatukuwa tunamnasihi.

Na yule anayenyamaza akidhani ndiyo adabu, akumbuke kuwa Malik aliandika. Mapenzi yake kwa Al-Layth yalimsemesha, hayakumfunga mdomo.

Tunamuomba Allah Subhanahu wa Ta'ala amrehemu Imamu Al-Layth bin Sa'd, Imamu Malik, Imamu Abu Hanifa, Imamu Shafi'i na wanachuoni wetu wote, azifanye ndimi zetu ziseme kweli kwa upole, na azifanye nyoyo zetu ziipokee kweli hata kama imetoka kwa mdogo wetu. Amin.

Wabillahi tawfiq.